Kila chakula kina mahali pa kukiachia kabla ya friza

Anayejiandaa kulisha watu ishirini siku ya sikukuu huanza kwa kuuliza kama chakula fulani kinagandishika. Jibu halimfikishi mbali, kwa kuwa chakula kile kile hutoka salama kikigandishwa katika hatua moja, na hutoka kimeharibika kikigandishwa katika hatua nyingine. Viazi vya vipande vilivyogandishwa ndani ya mchuzi hurudi vimejaa maji na chengachenga mdomoni. Viazi hivyo hivyo vikipondwa na siagi ya kutosha hurudi vizuri. Pai ya matunda iliyokwisha kuokwa hulegea chini, lakini ikigandishwa mbichi na kuingizwa kwenye oveni ikiwa bado ngumu, gamba lake hutoka kavu. Swali lenye faida ni hili: nikiachie wapi? Nipike hadi hatua gani, nisimame, nigandishe, na kazi ipi niibakize kwa siku yenyewe.

Kinachoharibu chakula ndani ya friza ni maji yaliyomo ndani yake. Maji yakiganda hutanuka kwa takribani asilimia 9 na kuwa chembe za barafu. Chakula kikipita taratibu kati ya nyuzi 1 na nyuzi 5 chini ya sifuri (nyuzi zote humu ni za Selsiasi), chembe hizo hupata muda wa kukua na kupasua kuta za seli. Ukija kuyeyusha, maji yanachuruzika, nyama inabaki kavu na mboga zinanywea. Kikipita haraka, chembe hubaki ndogo na madhara hupungua. Kwa sababu hiyo unene wa kifurushi una uzito kuliko bei ya mfuko. Ukiongeza unene mara mbili, muda wa baridi kufika katikati huongezeka takribani mara nne. Lita moja ya mchuzi iliyolazwa kwenye mfuko wa zipu kwa unene wa sm 2 au 3 huganda upesi, hupangwa kama vitabu, na siku ya kuyeyusha huwahi pia. Lita 4 ndani ya kopo moja refu zinaweza kukaa usiku kucha katikati yake pakiwa bado majimaji.

Friza iwe kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Hapo bakteria wamesimama, ila hawajafa. Chakula kikiyeyuka wanaendelea na kazi yao. Mafuta nayo huendelea kuchacha polepole hata katika baridi hiyo, na ndiyo yanayoweka ukomo wa ladha. Supu na michuzi ya nyama hubaki na ladha nzuri miezi 2 hadi 3. Bekoni na soseji zenye chumvi nyingi huishia mwezi 1 au 2, kwa sababu chumvi huharakisha kuchacha. Kwa mlo wa sikukuu hakuna haja ya kufika huko. Wiki 3 kabla ya siku zinatosha kabisa, na kila wiki unayopunguza inaonekana kwenye ladha.

Kupoza ndiko kunakopuuzwa

Kati ya nyuzi 60 na nyuzi 5 bakteria huongezeka haraka, na sufuria kubwa ya mchuzi iliyoachwa mezani ipoe hukaa humo kwa saa nyingi. Kanuni inayotumika katika majiko ya biashara ni kushusha chakula kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi 5 ndani ya saa 4 nyingine. Nyumbani hilo linawezekana bila mashine yoyote. Ziba sinki, weka maji baridi na barafu hadi nusu ya kimo cha sufuria, simamisha sufuria humo na ukoroge kila baada ya dakika 5. Maji yakipata uvuguvugu, badilisha. Au mimina chakula kwenye trei pana kisizidi kina cha sm 5. Chupa safi ya plastiki iliyojazwa maji na kugandishwa, ikazamishwa katikati ya sufuria, hufanya kazi nzuri sana kwa supu. Nje ya chupa pawe pameoshwa vizuri.

Sufuria ya moto isiingizwe kwenye friza. Chakula chake huchelewa kuganda, na kila kilichokwisha kuganda karibu nayo huanza kulainika kisha kuganda upya kwa chembe kubwa. Kipoze kwanza hadi baridi ya friji, ndipo kiende friza.

Friza nayo ina kiasi inachoweza kugandisha kwa siku moja. Kadiria kilo 1 hadi 1.4 za chakula kipya kwa kila lita 30 za ujazo kwa saa 24. Friza ya lita 200 basi isipewe zaidi ya kilo 7 hadi 9 kwa siku. Anayepika kilo 20 Jumamosi nzima na kuzisukuma zote ndani jioni anagandisha taratibu, na anarudi kwenye tatizo la chembe kubwa. Gawa kazi: mchuzi na supu wikiendi ya kwanza, vya unga wikiendi ya pili. Siku ya kuingiza, tandaza mifuko mmoja mmoja ikigusa ukuta wa friza au rafu yenye baridi; baada ya kuwa migumu ndipo uipange pamoja.

Nyama na mchuzi wake

Nyama iliyopikwa ndani ya mchuzi ndiyo rafiki mkubwa wa friza, na mimi ningejenga mlo mzima kuizunguka. Kwa watu ishirini, pakiwa na vyakula vingine mezani, kilo 4 za nyama mbichi isiyo na mfupa zinatosha. Isimamishe kabla haijaiva kabisa: uma uingie, lakini kipande kisimeguke. Kuipasha moto siku ya sikukuu kutamalizia. Ukiiacha iive hadi kumeguka, kuganda na kuchemshwa tena kutaichambua iwe nyuzinyuzi.

Kuna jambo jingine linalofanya mchuzi uishinde nyama kavu. Nyama iliyopikwa ikikutana na hewa, chuma kilichomo ndani yake huchochea mafuta kuoza, na baada ya siku chache inapata ladha ile ya kiporo ambayo hakuna kiungo kinachoiondoa. Kimiminika kikifunika nyama, hewa haifiki. Hata nyama ya kuoka inaweza kugandishwa kwa njia hii: ikate vipande vyembamba ikiwa baridi, panga kwenye trei yenye kina kifupi, mwagia supu yake hadi izame, funika. Pande zima la kuoka likigandishwa likiwa kavu kisha likapashwa, halirudi kuwa lilivyokuwa. Hilo lioke siku yenyewe.

Uzito wa mchuzi uachie siku ya mwisho. Mchuzi uliofanywa mzito kwa unga wa ngano au wanga wa mahindi hupoteza umbo: wanga hujikunja upya katika baridi na kusukuma maji nje, nawe unakuta madonge yanayoelea kwenye maji. Kuchemsha na kupiga kwa mchapo hurekebisha kwa kiasi, si kwa ukamilifu. Gandisha mchuzi mwepesi, na siku ya kula changanya gramu 20 hadi 25 za wanga wa muhogo na maji baridi nusu kikombe, umimine kwenye lita 1 ya mchuzi unaochemka, ukikoroga hadi ung'ae. Ikilazimu kuufanya mzito mapema, huo wanga wa muhogo hustahimili friza kuliko unga wa ngano. Njia bora zaidi ni kupunguza mchuzi kwa moto au kuuzidishia uzito kwa nyanya na vitunguu vilivyosagwa, ambavyo havina shida hiyo.

Viungo hubadilika katika baridi, na hubadilika kwa njia tofauti. Pilipili manga, karafuu na kitunguu saumu huongezeka ukali na vinaweza kuacha uchungu, chumvi hufifia. Tia nusu ya kiasi chako cha kawaida unapopika, kisha onja na ukamilishe wakati wa kupasha. Majani mabichi kama giligilani na maji ya limau viingie dakika ya mwisho kabisa.

Maziwa na krimu vitie wakati huo huo wa kupasha. Mchuzi wa maziwa hukatika ukiganda, na mtindi hukatika zaidi. Krimu nzito yenye mafuta asilimia 35 au zaidi hustahimili kidogo, lakini sioni sababu ya kubahatisha wakati kuiongeza huchukua dakika 2. Mayonezi haigandishwi, mafuta na maji yake huachana na hayarudiani.

Supu ya mifupa ichemshe hadi ibaki robo ya ilivyokuwa, uigandishe kwenye vikombe vidogo. Lita 4 zinakaa ndani ya lita 1 ya nafasi, na siku yenyewe unarudisha maji.

Mboga, wali, viazi

Mboga mbichi zina vimeng'enya vinavyoendelea kula rangi na ladha hata zikiwa zimeganda, kwa hiyo huchovywa kwanza kwenye maji yanayochemka. Tumia lita 4 za maji kwa nusu kilo ya mboga. Maharagwe mabichi na vishada vya brokoli dakika 3, karoti za vipande vyembamba dakika 2, njegere dakika 1 na nusu. Hesabu muda tangu maji yachemke tena. Yakichukua zaidi ya dakika moja kurudi kuchemka, mboga zimezidi. Zitoe, zitie kwenye maji ya barafu kwa muda ule ule, kisha zikaushe vizuri kwa kitambaa. Kosa la kawaida liko hapo mwisho: maji yanayobaki juu yake huwa ganda la barafu, na mboga zinakuja kuiva kwa mvuke zikalegea. Zitandaze kwenye trei zigande mojamoja kwa saa 2 hadi 4, ndipo zimiminwe mfukoni. Hapo unachota kiasi unachotaka bila kuvunja jiwe zima. Lakini tango, letusi, figili na nyanya za kachumbari hazina hatua yoyote ya kuziachia. Zikatwe siku hiyo.

Wali unagandika vizuri kuliko watu wanavyodhani, sharti upozwe upesi. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hazifi kwa kuchemshwa, na wali ukikaa na uvuguvugu huamka na kutengeneza sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Tandaza wali kwenye trei mara tu ukiiva, usizidi sm 3, uingie friji ndani ya saa 1, kisha ufungwe kwenye mifuko ya nusu kilo. Siku ya kula upashe ukiwa bado umeganda, na vijiko 2 vya maji, umefunikwa. Wali uliolala mezani usiku mmoja hauokolewi na friza. Tambi ziachie dakika 2 kabla ya kuiva na zigandishe tayari zimechanganywa na mchuzi, la sivyo hugeuka uji.

Viazi vya kuponda: kwa kilo 2 za viazi, gramu 200 za siagi na mililita 150 za krimu ya moto. Mafuta hayo ndiyo yanayozuia maji yasichuruzike. Ukipunguza ili iwe chakula chepesi, friza itakuonyesha. Wakati wa kupasha huonekana vimekatika. Usikate tamaa, endelea kukoroga kwa moto mdogo na vitarudiana. Maharage yaliyochemshwa hayahitaji maelezo marefu: yagandishe yakiwa yamezama kwenye maji yake.

Vya unga

Mkate hukauka haraka zaidi ndani ya friji kuliko mezani, kwa hiyo safari yake iwe ni moja kwa moja hadi friza. Kuna njia mbili za mikate midogo ya mezani. Ya kwanza ni kugandisha kinyunga kilichokwisha kuumbwa, kabla ya kuumuka mara ya pili. Baridi huua sehemu ya hamira, basi kwa kilo 1 ya unga tia gramu 15 za hamira ya chembechembe badala ya 10, ukande kwa maji baridi, na utumie ndani ya wiki 3 au 4. Usiku wa kuamkia sikukuu kihamishie friji kikiwa kimefunikwa, asubuhi kiumuke saa 1 na nusu hadi 2.

Ya pili ndiyo ninayoipendekeza kwa siku yenye kazi nyingi: oka mkate hadi robo tatu ya muda wake, uwe umesimama lakini rangi bado ni nyeupe, upoe kabisa, gandisha. Siku ya kula dakika 8 hadi 10 kwenye nyuzi 200 zinamaliza kazi. Hakuna kuumuka kwa kusubiri wala kubahatisha.

Pai ya matunda igandishe mbichi, ujazo ukiwa na wanga kijiko kimoja zaidi ya kawaida kwa sababu matunda yaliyoganda hutoa maji mengi. Usitoboe gamba la juu hadi siku ya kuoka. Isiyeyushwe: chini ya gamba maji yataingia kabla joto halijalikaza. Ianze kwenye nyuzi 220 kwa dakika 20, kisha 190 hadi ujazo utokote katikati. Ongeza dakika 15 hadi 20 juu ya muda wa pai mbichi ya kawaida.

Keki igandishe bila krimu ya juu, imefungwa plastiki mara mbili kisha foili. Iyeyuke ikiwa bado ndani ya vifungio vyake, ili unyevunyevu wa hewa utulie juu ya plastiki badala ya kuloanisha keki. Biskuti ni rahisi kuliko vyote: viringisha madonge, gandisha kwenye trei, oka yakiwa magumu na kuongeza dakika 1 au 2.

Chochote kilichokaangwa kikawa kikavu juu kitalainika. Vipande vya kupakwa chenga za mkate vigandishe vibichi mojamoja kwenye trei, na viokwe badala ya kukaangwa. Barafu ikiingia kwenye mafuta ya moto huruka hadi usoni.

Kufunga

Doa la kijivu lililokauka juu ya nyama iliyoganda ni barafu iliyogeuka mvuke bila kupitia maji na kutokea kwenye hewa. Halina madhara kwa afya, ila hapo nyama ni kama gamba. Dawa ni kuondoa hewa. Zamisha mfuko ulio wazi kidogo ndani ya beseni la maji hadi karibu na zipu, maji yatasukuma hewa nje, funga. Kwa kopo la plastiki au chupa ya kioo acha sm 2 hadi 3 tupu juu, kwa ajili ya ile asilimia 9. Chupa yenye mabega hupasuka hata ukiacha nafasi, tumia zenye kuta zilizonyooka.

Trei ya chakula cha tabaka usiifungie friza kwa mwezi mzima. Tandika foili ndefu ndani yake kabla ya kupanga, gandisha, inua jiwe lote, lifunge, na trei irudi kwenye kazi. Siku ya kuyeyusha, ondoa foili jiwe likiwa gumu na ulirudishe kwenye trei ile ile. Trei ya kioo iliyotoka friza isiingie oveni ya moto, inaweza kupasuka.

Andika kwa kalamu isiyofutika kabla mfuko haujaingiwa na baridi: jina, tarehe, uzito, na kazi iliyobaki. "Mchuzi wa nyama, lita 1, tia chumvi, wanga, giligilani." Sehemu hii ya mwisho ndiyo itakayomwezesha mtu mwingine jikoni kukusaidia bila kukuuliza.

Kalenda inahesabiwa kutoka mezani kurudi nyuma

Kuyeyusha ndani ya friji huchukua takribani saa 24 kwa kila kilo 2 hadi 2.5 za kipande kizima. Kuku wa kilo 2 anahitaji siku nzima. Ndege wa kilo 5 siku 2 hadi 3, kwenye rafu ya chini, ndani ya trei ya kukinga maji yake. Baada ya kuyeyuka anaweza kukaa siku 1 au 2 zaidi kabla ya kuokwa, kwa hiyo kuwahi ni salama kuliko kuchelewa. Asigandishwe akiwa amejazwa tumboni. Katikati huchelewa kuganda na huchelewa kuiva. Mifuko ya mchuzi ya sm 3 huyeyuka usiku mmoja. Trei ya kina cha sm 5 hutaka saa 24 hadi 36.

Ukichelewa, mfuko usiopitisha maji uzamishwe kwenye maji baridi, yabadilishwe kila dakika 30: nusu kilo huchukua kiasi cha nusu saa hadi saa nzima. Kipikwe papo hapo. Juu ya meza ya jikoni usiyeyushe nyama, kwa sababu nje inakuwa na joto la kuzalisha bakteria wakati ndani bado barafu.

Wengi wanahesabu nafasi ya friza na kusahau friji. Siku mbili kabla ya sikukuu kila kitu kinahamia huko kwa pamoja, nako kumejaa vinywaji. Vinywaji vitoe, uviweke kwenye beseni la barafu.

Oveni nayo ipangiwe ratiba kwenye karatasi. Watu wakikaa mezani saa 7 mchana, na kuku anatoka saa 6 kasorobo ili apumzike, hapo ndipo trei ya nyuzi 180 inaingia, iliyokwisha kuyeyuka, kwa dakika 45 hadi 60. Mikate ya nyuzi 200 inafuata dakika 10 kabla ya kula. Trei ile ile ikiwa bado imeganda ingetaka saa moja na nusu, na ratiba yote ingevunjika. Ukiona vitu vitatu vinagombea dirisha moja, hamishia kimojawapo juu ya jiko au kipunguze kwenye orodha sasa, wiki tatu kabla.

Kila kinachopashwa kifike nyuzi 74 katikati, kipimajoto kikiwa kwenye sehemu nene zaidi. Michuzi ichemke kabisa. Chungu cha umeme cha kupika polepole kinafaa kuhifadhi joto la chakula kilichokwisha kuchemka, ila hakifai kupashia, maana hukaa muda mrefu mno chini ya nyuzi 60.

Umeme ukikatika, usifungue. Friza iliyojaa hushika baridi saa 48, iliyojaa nusu hushika saa 24; ukiwa na nafasi tupu ijaze chupa za maji. Umeme ukirudi, chakula chenye chembe za barafu bado au kilicho chini ya nyuzi 4 kinaweza kugandishwa tena. Kilichopanda juu ya hapo kwa zaidi ya saa 2 kitupwe, hata kama kinanukia vizuri.

Mabaki ya mezani yaingie friji ndani ya saa 2, na yaliwe ndani ya siku 3 au 4. Mchuzi ulioyeyuka ndani ya friji na haukutumika unaweza kurudi friza. Nyama yake itakuwa kavu kidogo zaidi, basi usage uwe ujazo wa pai.